Dirishani kwa Baba Mkwe

Iringa, Jumapili, 13 Machi 1955

Asukile wangu ameondoka leo alfajiri na lori la wapimaji wa barabara kwenda bonde la Usangu, na mimi nimebaki na mji mzima wa kutazama peke yangu. Alisema tangu ahamishiwe hapa hajapata nafasi ya kuuona, kazi yake ni kupima tope tu. "Uutazame wewe kwa ajili yangu," aliniambia, "uandike kila kitu, nikirudi nisome." Basi naandika. Mpenzi, unasoma sasa? Jua kwamba lori lilipokata kona nilibaki nimesimama barabarani nikinusa kiganja changu, maana kilikuwa kimeushika mkono wako.

Tulifunga ndoa Januari, kanisani kwetu Iyunga, na bado nikiitwa "mke wa Asukile" nageuka kumtafuta huyo mwenye bahati. Nilisoma mpaka darasa la kumi. Niliandika insha juu ya ng'ombe, juu ya usafi, juu ya faida za posta. Kazi tamu kama hii sikuwahi kupewa.

Chumba chetu ni kwa Bi Rukia, nyuma ya soko. Ni mjane mnene mwenye macho ya kucheka, anauza vitumbua asubuhi. Babu yake alitoka pwani na msafara wa biashara, akachoka kutembea alipofika hapa. Ananiita Bibi Harusi, na leo ameniuliza kama nitakula au nitashiba picha ya mume.

Jumatatu, 14 Machi

Nimeliona boma la Wajerumani. Mawe makubwa, kuta nene kiasi kwamba mtu akisimama mlangoni ni kama amesimama pangoni. Askari akaniuliza nina shida gani. Nikamwambia sina shida, natazama. Akasema watu wote wanaokuja hapa wana shida, hajaona anayekuja kutazama.

Kisha mtaa wa Wahindi. Asukile, mafundi cherehani wamejipanga barazani mmoja baada ya mwingine, na mashine zao zinalia pamoja kama mvua ya mawe kwenye bati. Kuna duka lina saa nyingi ukutani na kila moja inasema wakati wake. Nikachagua ile iliyosema ni jioni, kwa sababu jioni ndipo ulipokuwa ukirudi.

Jumanne, 15 Machi

Mvua tangu asubuhi. Sikutoka. Nimekukumbuka.

Alhamisi, 17 Machi

Leo nimepanda mwamba wa Gangilonga. Wanasema ni jiwe linalozungumza. Kutoka juu mji wote unaonekana: mabati, moshi wa majiko, lori dogo kama mdudu linapanda kilima kutoka mtoni. Nikalala kifudifudi nikaweka sikio kwenye jiwe. Mama mmoja wa Kihehe aliyekuwa akiokota kuni akauliza linasema nini. Nikasema linataja jina la mume wangu. Akacheka mpaka akaketi juu ya mzigo wake. Akasema kwake yeye halijawahi kumtaja mumewe, labda linamjua tabia.

Jumamosi, 19 Machi

Nilitaka kwenda Kalenga kuona fuvu la Mkwawa lililorudishwa mwaka jana kutoka Ulaya. Gari lilijaa.

Jumapili, 20 Machi

Kanisani wamesema mto umefurika karibu na Chimala na daraja limekwenda. Basi la mwisho lilivuka jana kabla maji hayajalichukua daraja. Upande ule wa maji ndiko aliko mume wangu na kamba zake za kupimia. Nimemwomba Mungu amlinde. Lakini kusema kweli sina hofu, naona hata mto utampenda.

Jumatatu, 21 Machi

Sijui nianzie wapi.

Mchana nilikuwa uani nachambua mchicha. Nikasikia utingo wa basi anabisha mlango wa mbele, anamwambia Bi Rukia kwamba ameleta mzee, anatafuta nyumba ya Asukile. Halafu nikaisikia sauti yenyewe, inamwita Asukile kwa Kinyakyusa. Sauti ile niliisikia siku ya harusi nikiwa ndani na milango imefungwa. Ni ya baba yake.

Mchicha ukamwagika. Miguu yangu ikakimbia yenyewe, ikapita mlango wa nyuma, ikanipeleka mpaka nyuma ya choo, na huko nikachutama kwenye mvua na khanga kichwani.

Kwetu Unyakyusa mke hamwoni baba mkwe. Hapiti njia anayopita yeye, halali chini ya paa moja naye, hatamki jina lake. Naye mzee hali kadhalika humkwepa mke wa mwanawe, na aibu ikitokea ni ya wote wawili. Mimi na Asukile tulikuwa tukicheka habari hizi. Tulisema sisi ni Wakristo, tumesoma, siku moja tutakula na mzee meza moja, na kitambaa juu yake. Leo nimejua kwamba shule ilifika kichwani tu, miguuni haikushuka.

Bi Rukia akanikuta pale. "Mwanangu, umeiba nini?" Nikamweleza. Akanitazama, mvua ikimchuruzika puani, akasema, "Na huyo mzee ndani, nimempa kiti, nimemwambia kwa ishara mkwewe yupo, na yeye ameruka kujificha nyuma ya pazia. Nyote wawili mnanitia wazimu."

Mzee amekuja na lile basi la mwisho, lililokwama topeni njiani. Hakujua kama mwanawe ameondoka. Wakati wa vita vya Wajerumani alipita Iringa akiwa mpagazi, na kila mwaka alisema kabla hajafa ataiona tena. Ameleta mkungu wa ndizi. Anachechemea, utingo anasema jembe lilimkata mguuni kabla ya safari.

Amepewa chumba chetu. Mimi nalala kwenye kibanda cha jiko, ng'ambo ya uwanja.

Jumatano, 23 Machi

Mzee akitaka kutoka uani anakohoa kwanza. Anakohoa mara ya pili, anasubiri, ndipo mlango unafunguka. Nami nikitaka kuteka maji nagonga ndoo na kikombe. Hivyo tunaishi. Bi Rukia anasema nyumba yake imekuwa kituo cha reli.

Nimeanza kukipenda kile kikohozi chake. Ni cha mtu mwenye adabu.

Alhamisi, 24 Machi

Leo hakutoka. Nimegonga ndoo bure.

Ijumaa, 25 Machi

Bi Rukia alikuja jikoni ameziba pua na ncha ya buibui. Akasema mguu unanuka, umevimba mpaka gotini, na mzee anaongea na watu wasiokuwapo. Kiswahili cha mzee ni kile alichofundishwa na vita: simama, beba, twende, haraka. Alipomwuliza anaumwa wapi, alimjibu, "Beba."

Tukapata mkokoteni. Wao wakatangulia, mimi nikafuata nyuma kwa mbali, nikigeuka ukutani kila mkokoteni uliposimama. Watu walidhani namdai.

Hospitalini Ambrosi, dresa anayefunga vidonda wodi ya wanaume, Mbena mpole, akauliza jina la mgonjwa. Bi Rukia akanitazama. Mimi nikatazama chini. Kila mtu akasubiri nimtaje. Mwishowe nikaomba karatasi. Wazee wetu walikataza kinywa, mkono hawakuusema, labda kwa sababu hawakudhani mwanamke atajua kuandika. Nikaandika. Hata hapa, katika daftari langu mwenyewe, siwezi kuliandika tena.

Jumamosi, 26 Machi

Daktari anasema mguu umeoza, lazima ukatwe chini ya goti, tena upesi, la sivyo sumu itapanda. Hawawezi kumkata mtu asiyeelewa. Wanamwonyesha kwa mikono, wanapitisha kiganja gotini kama msumeno, na mzee amewapiga kwa sahani ya bati. Anadhani wanamtisha.

Nilimtafuta Yotamu, polisi Mnyakyusa anayejulikana na kila mtu hapa. Amezuiliwa na maji huko huko Chimala. Wengine wa kwetu wako mashamba ya chai Mufindi, na njia ya huko nayo ni tope.

Basi katika mji huu wote, wenye soko na mashine na saa ukuta mzima, mtu mmoja tu anajua lugha ya mzee huyu, naye ndiye peke yake asiyeruhusiwa kusema naye. Nimelia jikoni mpaka Bi Rukia akaniambia naharibu kuni.

Jumapili, 27 Machi

Wazo ni la Bi Rukia, na alilitoa kwa mzaha. Alisema kama siwezi kusema na mzee, niseme na yeye, kwani yeye si mkwe wa mtu.

Wodi ina dirisha linalotazama barazani. Nikaketi sakafuni chini yake, mgongo ukutani, khanga mpaka kwenye pua. Bi Rukia akakaa ndani kwenye kigoda kati ya kitanda na dirisha. Nikasema kwa Kinyakyusa, "Bi Rukia, mwulize mzee ameamkaje."

Bi Rukia hakuelewa hata neno. Akasema, "Haya."

Nikasikia kitanda kinalia. Nilijua nimeharibu, nilijua atageukia ukutani. Kisha ile sauti ikasema, polepole, kwa Kinyakyusa, "Mama, mwambie huyo aliye nje kwamba nimeamka. Na umwambie asogee, mvua inamnyeshea, naisikia kwenye nguo yake."

"Haya," akasema Bi Rukia. "Nyote nimewasikia."

Nikamweleza Bi Rukia habari zote za mguu, na daktari, na sumu inayopanda. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea akatae kwa hasira. Badala yake akamwambia Bi Rukia, "Mwulize, mguu utazikwa wapi?"

Darasa la kumi, na swali hilo halikuwamo kwenye mtihani wowote.

Jumatatu, 28 Machi

Mzee amesema hivi kupitia kwa Bi Rukia: "Mguu mmoja si kitu kwangu, nimeona vitani wengi waliopoteza. Lakini mtu wa mguu mmoja ni wa kubebwa, na atakayenibeba ni Asukile. Aseme yeye kama ataweza. Bila neno lake hawanikati."

Daktari anasema siku ni chache. Barabara imefungwa.

Baada ya hapo mzee akauliza kuhusu mji. Alisema alibebwa mkokotenini macho yamefumba kwa maumivu, hajaona chochote. Boma je, mawe ni yale yale? Basi nikamwambia Bi Rukia juu ya boma na kuta zake, na askari aliyesema watu wote wana shida. Nikamwambia juu ya mafundi barazani na duka la saa. Mzee akacheka kwa ile saa ya jioni. Akasema mzigo wake wa mwisho aliutua hapo bomani, sanduku la misumari, na Mjerumani akampa chumvi. Nikamsimulia mwamba, na mama wa kuni. Yote niliyokuwa nimekuwekea wewe, Asukile, nimempa baba yako. Nisamehe, hayakuwa mengi, yameisha yote.

Wagonjwa wengine walikaa kimya wakisikiliza lugha wasiyoijua. Mmoja akamwuliza Bi Rukia tunaongea nini. Akasema, "Wanapanga harusi yangu."

Jumanne, 29 Machi

Asubuhi nilikwenda ofisi ya wapimaji. Hakuna habari za kambi ya Usangu. Waya wa simu umetengenezwa mpaka Mbeya, lakini kambini haufiki. Karani aliniambia nirudi Alhamisi. Nilimwambia Alhamisi imechelewa. Akasema Alhamisi ndiyo iliyopo.

Mchana Ambrosi akanifuata barazani. Alisema ngozi imegeuka rangi mpaka juu ya kifundo, na daktari amesema ni kesho au basi. Alisimama tu, akijifuta mikono iliyokuwa safi.

Nikaketi chini ya dirisha. Bi Rukia alinichungulia, akasema mzee amelala, halafu akasema ameamka.

Nikasema, "Bi Rukia, mwambie mzee neno la Asukile limefika."

"Haya," akasema Bi Rukia.

Mzee akauliza limepita wapi na barabara haipo. Nikasema limepita kwenye waya. Akauliza Asukile amesemaje. Na mimi, Asukile, nikafungua kinywa changu nikasema kana kwamba ni chako. "Amesema wakate. Amesema atambeba."

Ndani mgonjwa mmoja alikuwa akijikuna. Kisha mzee akasema, "Mwite yule Mbena."

Bi Rukia aliponiona usoni aliuliza nimesema nini. Nikamwambia. Alikaza buibui lake kichwani. Halafu akasema, "Na hayo yote yamepita kwenye kinywa changu, mimi mtu wa swala tano."

Jumatano, 30 Machi

Wamemkata asubuhi. Yu hai.

Ambrosi alinijia na kitu kimefungwa kwenye shuka kuukuu, akauliza kama jamaa wanataka kuona mahali utakapozikwa mguu. Jamaa ni mimi. Mfagiaji alichimba nyuma ya hospitali, karibu na ukuta, mahali maji hayatuami. Nikawapa mgongo.

Bi Rukia akanong'ona, "Na mguu nao ni mkwe?"

Nikamwambia sijui, hakuna aliyenifundisha. Sikugeuka mpaka niliposikia udongo umeshindiliwa. Ndiyo matembezi yangu ya leo mjini.

Ijumaa, 1 Aprili

Homa. Hasemi.

Jumapili, 3 Aprili

Homa. Nimeketi dirishani toka kanisani mpaka jioni nikimsimulia Bi Rukia soko, bei ya chumvi, bei ya samaki wakavu, rangi za khanga mpya. Hakuna aliyejibu kutoka kitandani. Bi Rukia alisinzia kwenye kigoda na mimi nikaendelea kusema, maana nikinyamaza nasikia anavyopumua.

Jumanne, 5 Aprili

Akifa, nimemuua mimi, na kama angekufa na mguu wake ningekuwa nimemwacha afe. Nimejaribu kuligeuza kila upande. Yule aliyekuwa akinusa kiganja barabarani, alikuwa nani? Nilimjua mume wangu kwa tabasamu lake, kwa mwandiko wake, kwa anavyofunga viatu. Sijui angesema nini juu ya mguu wa baba yake. Hatukuwahi kuzungumza jambo kama hilo. Tulizungumza juu ya mapazia ya chumba.

Ijumaa Kuu, 8 Aprili

Mchana, nikiwa nusu nimelala pale barazani, nikasikia kikohozi. Kisha kingine. Kisha akangoja.

Nikagonga ukuta kwa kidole.

Mzee akamwambia Bi Rukia kwamba ana njaa, na kwamba ule uji wa hapa ni maji ya kuoshea vyombo.

Jumamosi, 9 Aprili

Wanasema magari madogo yameanza kuvuka Chimala juu ya magogo. Nilipaswa kuruka kwa furaha. Nimefua nguo zilizokuwa safi.

Jumatatu ya Pasaka, 11 Aprili

Asukile amekuja saa nne asubuhi. Tope mpaka mapajani, ndevu, amekonda. Nilikuwa uani. Nilikuwa nimepanga jinsi ya kumweleza, kwanza hiki, kisha kile, kwa utaratibu kama insha. Alinikumbatia mbele ya Bi Rukia bila haya, akauliza habari za hapa. Nikasema, "Baba yupo hospitali. Wamemkata mguu."

Hakusubiri mengine. Alikimbia. Nikamfuata mbio nikimwita, na mji mzima ukatutazama, lakini miguu yake mirefu ilinishinda, na nilipofika yeye alikuwa ameshaingia wodini ambamo mimi siingii.

Nikaketi mahali pangu chini ya dirisha. Safari hii Bi Rukia alikuwa nje pamoja nami, kigoda chake hakikuhitajika tena.

Nilimsikia Asukile akilia. Sijawahi kumsikia akilia. Mzee alimwacha alie kwa muda, kisha akasema, "Basi. Umekuja kunibeba."

Nikasikia kitanda kinalia, Asukile ameketi.

"Neno lako lilinifikia," mzee akasema. "Kwa waya. Nilikuwa nimekataa, lakini ulisema wakate, ulisema utanibeba. Nikasema kama mwanangu amesema, haya."

Nilifumba macho. Jambo moja tu lingesaidia, nalo ni kuita kupitia dirisha lile kwamba ni mimi, na hata hilo sikuliweza, maana aliyekuwa ndani ni baba mkwe wangu. Sikuuona uso wa mume wangu. Maji yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye bati, na niliyasikia yote, tone kwa tone. Bi Rukia akanivuta khanga akanong'ona, "Wanasemaje? Wanasemaje?" Kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyehitaji mkalimani.

Kisha Asukile akasema, "Nilisema, baba. Nitakubeba."

Alikaa naye mpaka jioni. Kurudi nyumbani alitangulia hatua chache mbele yangu, na mimi sikumkaribia. Nikampa maji akaoga, nikatenga ugali na mchicha. Alikula chote. Akanawa. Akakaa anatazama mikono yake, halafu akauliza, bila kuinua macho, "Nilisema nini kingine?"

"Hicho tu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu kuyakumbuka maneno yake mwenyewe.